Msumari wa Karibu: Uhakiki wa Pailibanka katika Mchezo wa Armored Core VI

1. Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili mbele ya kila kazi ya sanaa: kazi inasema nini, na inasemaje? Maudhui na fani ni mapacha waliolelewa pamoja katika vitabu vya mafunzo kwa miaka mingi. Lipo hata hivyo swali la tatu ambalo wataalamu wa fasihi simulizi hawajalisahau: kazi inamtaka mpokeaji wake afanye nini? Hadhira ya ngano huitikia, huimba kiitikio, humkatiza fanani na kumhimiza. Bila mwitikio huo ngano hudumaa. Mchezo wa video umelirudisha swali hili kwa namna mpya. Ndani yake mpokeaji asipotenda, hakuna hadithi.

Makala haya yanachunguza silaha moja katika mchezo mmoja. Mchezo ni Armored Core VI: Fires of Rubicon, uliotungwa na kampuni ya FromSoftware ya Tokyo chini ya uongozi wa Masaru Yamamura, na kutolewa tarehe 25 Agosti 2023. Ni mrithi wa mfululizo ulioanza mwaka 1997 katika mashine ya PlayStation, mfululizo ambao mchezaji wake huunda jitu la chuma kipande kwa kipande, kisha huliendesha vitani kwa malipo. Silaha ni ile inayoitwa ASHMEAD, ya aina ya pailibanka: msumari mkubwa wa chuma unaosukumwa kwa mlipuko kutoka katika mkono wa jitu hadi ndani ya mwili wa adui.

Hoja inayotetewa hapa ni mbili. Kwanza, ugumu wa kuimudu silaha hiyo si pambo wala adhabu. Ndani ya ugumu huo mna wazo la mchezo mzima. Pili, baada ya kumpa mchezaji ustadi, mchezo unamwuliza swali ambalo ustadi peke yake hauwezi kulijibu: mkono uliofundishwa kupiga kwa ukaribu, unampigia nani?

2. Jina na asili yake

Jina la silaha linastahili kutazamwa kabla ya silaha yenyewe. Neno hilo liliundwa Japani kwa viungo vya Kiingereza, na Mwingereza asiyejua michezo hii hawezi kulielewa. Kiungo cha kwanza kinahusu nguzo zinazopigiliwa ardhini ili kujenga daraja au gati. Cha pili kinahusu ngome ya kijeshi. Silaha yenyewe ilijulikana katika tamthiliya ya katuni ya Kijapani Armored Trooper VOTOMS ya mwaka 1983, ikasambaa kutoka hapo hadi katika hadithi nyingi za majitu ya chuma.

Asili hiyo ina maana. Panga, mkuki na upinde viliingia katika sanaa vikitoka vitani au mawindoni. Pailibanka imetoka mahali pa ujenzi. Ni chombo cha kazi kilichogeuzwa kuwa chombo cha kuua, na umbo lake halijaficha ukoo wake: ni zito, ni fupi, linapiga mara moja na kunyamaza. Itaonekana baadaye kwamba mchezo mzima umejaa vyombo vya namna hii, vya kuchimbia na kuyeyushia, vilivyovishwa deraya.

3. Fani: silaha inavyotenda

Jitu la chuma hubeba silaha nne, mbili mikononi na mbili mabegani. Silaha za kupigana ana kwa ana hukaa mkono wa kushoto. Anayechagua pailibanka huanza basi kwa kupoteza: ameiacha bunduki moja, na upande mmoja wa mwili wake hauna la kusema adui akiwa mbali.

Ili kuelewa alichonunua kwa hasara hiyo, yafaa kujua kwamba kila jitu lina vipimo viwili. Cha kwanza ni uimara wa deraya. Ukiisha, jitu limekufa. Cha pili ni mzigo wa mizani. Kila risasi inayogonga huuongeza mzigo huo, na jitu likipata nafasi ya kupumzika mzigo hushuka. Ukijaa kabisa, jitu huyumba na kuganda kwa muda mfupi sana, na kila pigo linalolipata katika muda huo huumiza kupita kawaida.

Pailibanka ina mapigo mawili. Kitufe kikibonyezwa na kuachiliwa, mkono huchoma mara moja, pigo la wastani. Kikishikiliwa, jitu hurudisha mkono nyuma, hukusanya nguvu, kisha huruka hatua fupi mbele na kusukuma msumari. Pigo hili la pili, likimpata adui aliyekwisha kupoteza mizani, ni miongoni mwa mapigo mazito kabisa katika mchezo. Baada yake silaha hupoa kwa muda mrefu, na mwenyewe hubaki na mkono mmoja.

Ugumu uko mahali patatu. Wa kwanza ni masafa: hatua ile ni fupi, na adui aliye juu kidogo au kando kidogo hukoswa. Wa pili ni wakati: kukusanya nguvu hula sehemu kubwa ya ule muda mfupi ambao adui ameganda. Wa tatu ni gharama ya kukosa: aliyekosa amesimama mbele ya adui, karibu, akiwa amekwisha kuitumia silaha yake kubwa. Mchezaji anayeanza huushikilia mkono wake tangu mbali, hukimbia akiwa ameunyanyua, hupiga hewa, na huuawa. Kisha huhukumu kwamba silaha haifai.

Hukumu hiyo inatokana na kusoma vibaya. Anayeanza hutazama mkono wake. Aliyebobea hutazama mizani ya adui. Kwa huyu wa pili pailibanka ni mwisho wa mpango uliokwisha kuanza zamani. Huchagua kwanza silaha za kujaza mzigo kwa haraka: bunduki ya marisau katika mkono wa kulia, mizinga ya makombora mabegani. Hupunguza masafa kabla mzigo haujajaa, si baada yake, kwa sababu anayesubiri adui ayumbe ndipo amkimbilie atafika wakati adui amekwisha kuamka. Akiwa karibu, humaliza kuujaza mzigo kwa pigo dogo, mara nyingi kwa teke ambalo jitu hulipiga likiwa katika mwendo wa kasi. Adui huganda akiwa tayari mbele ya msumari. Hapo tu ndipo kitufe hushikiliwa.

Mwanafunzi wa isimu atautambua mpangilio huu. Mzizi wa kitenzi cha Kiswahili hausimami mbele. Hutanguliwa na kiambishi cha nafsi, kinachosema ni nani. Cha njeo, kinachosema ni lini. Na pengine cha yambwa, kinachosema anatendwa nani. Vyote vikishakaa mahali pake ndipo mzizi huja na kutimiza maana. Mchezaji asiyejua hutamka mzizi mtupu, naye haeleweki. Mchezaji anayejua hutunga neno zima.

Mfano mzuri wa somo hili ni pambano na BALTEUS, adui mkuu anayefunga sura ya kwanza. Jitu hili hulindwa na ngao ya nishati, na ngao ikiwepo karibu kila pigo hupotea bure. Kuna hatua moja zaidi ya kutanguliza: ngao ivunjwe, kisha mzigo ujazwe, kisha msumari. Mchezaji aliyezoea kufyatua silaha zote kwa pamoja hushindwa hapa mara kwa mara. Walalamikaji walikuwa wengi kiasi kwamba mwezi Septemba 2023 watungaji walitoa marekebisho yaliyompunguzia adui huyo makali. Hata hivyo mpangilio wenyewe haukuguswa, nao ndio uliokuwa fundisho.

4. Msumari na mwanga

Mfululizo wa Armored Core una silaha nyingine maarufu zaidi, upanga wa mwanga uitwao MOONLIGHT, ambao hurudi katika matoleo mengi tangu lile la mwaka 1997. Katika toleo hili la sita upanga huo hurusha mawimbi ya mwanga yanayomfikia adui aliye mbali. Ni silaha nzuri ya kutazama, na ni mpole kwa mtumiaji wake: umbali ukikosewa kidogo, wimbi hufidia.

Kulinganisha silaha hizi mbili kunaonyesha tofauti ya falsafa. Upanga wa mwanga unampa mchezaji fahari ya shujaa. Pailibanka haimpi fahari, inamlazimisha akubali masharti. Asiyekubali kuwekwa mahali anapoweza kuuawa hataweza kuitumia. Hakuna pigo kubwa la pailibanka lililopigwa na mtu aliyekuwa salama. Katika mchezo ambamo makombora hutoka begani na kujitafutia njia yenyewe, silaha hii inashikilia sheria ya kale ya mapambano: anayetaka kumaliza jambo na asogee.

Kuna tofauti nyingine, ya kihistoria. Mwaka 1997 ugumu wa mchezo ulikuwa zaidi katika mikono ya mchezaji mwenyewe, kwa kuwa kifaa cha kuchezea kilimtaka atumie vitufe vya pembeni hata kwa kuinua na kushusha macho ya jitu. Ugumu huo ulitokana na chombo. Mwaka 2023 jitu linatii upesi, na macho humfuata adui yenyewe. Ugumu uliobaki ni wa uamuzi. Pailibanka inaudhihirisha mabadiliko hayo kuliko silaha nyingine: vidole havina kazi kubwa, akili ndiyo inayochelewa au kuwahi.

5. Maudhui: mkono wa kukodi

Hadi hapa silaha imesomwa kama fani. Lakini hakuna msumari usiomwingia mtu, na ni lazima kuuliza ni nani huyo.

Mahali pa hadithi ni sayari iitwayo Rubicon 3, ambamo imegunduliwa dutu inayoitwa Coral, yenye nguvu kubwa kama nishati na kama njia ya kupitishia habari. Nusu karne kabla ya hadithi kuanza, dutu hiyo ilishika moto ulioiteketeza sayari na nyota za jirani. Sasa imeonekana tena, na makampuni mawili makubwa, Balam na Arquebus, yamewasili na majeshi yao. Wenyeji wamebaki na kundi lao la ukombozi, silaha duni, na dutu ile ile ambayo ni sehemu ya maisha yao. Mchezaji ni mamluki anayeitwa 621, mtu aliyetiwa vifaa mwilini ili aendeshe jitu, mali ya msimamizi wake Walter. Hasemi neno hata moja. Hupokea kazi, hutekeleza, hulipwa, na katika hesabu ya malipo hukatwa gharama za risasi na matengenezo.

Msomaji wa Lubumbashi haihitaji tanbihi kuielewa sayari hii. Mji uliokua pamoja na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, unajua maana ya ardhi inayojulikana ulimwenguni kwa kile kilicho chini yake kuliko kwa watu walio juu yake. Uhusiano mwingine ni wa moja kwa moja. Koltani ya Kivu hutoa tantali, madini yanayotumika katika vikondensa vya vyombo vya kielektroniki, na mwaka 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya unyonyaji haramu wa mali ya Kongo, koltani ikiwa mojawapo. Haidaiwi hapa kwamba watungaji wa Tokyo walikuwa wakiifikiria Kongo. Hakuna ushahidi wa hilo, wala kazi ya sanaa haihitaji kibali cha mtunzi ili ieleweke mahali pengine. Inadaiwa tu kwamba hadithi ya dutu inayowaleta wageni na moto haichezwi Kongo kama inavyochezwa kwingine.

Kazi za mwanzo zinampeleka mchezaji kuharibu chombo kikubwa cha kuchimbia madini ambacho wenyeji wamekigeuza kuwa silaha. Nyingine inamtaka aharibu jitu la majaribio. Rubani wake ni mwanafunzi tu, na sauti yake husikika ikihangaika kabla ya kukatika. Hapa ustadi unaanza kuwa na ladha chungu. Mchezaji aliyejifunza kutanguliza ukaribu, mzigo, teke na msumari hummaliza mwanafunzi yule kwa muda mfupi sana. Kadiri alivyobobea ndivyo anavyochelewa kusikia kinachosemwa. Aliyeshindwa kuimudu silaha husikia maneno mengi zaidi ya adui kuliko aliyeimudu. Ni kinaya kilichojengwa ndani ya kanuni za mchezo wenyewe, na ni vigumu kukipata katika riwaya.

Kinaya hicho hufikia kilele mwishoni. Mchezo una miisho mitatu. Katika mmoja, 621 anakubali kuichoma Coral tena, na adui wa mwisho ni Ayre, sauti iliyozaliwa katika dutu hiyo ambayo imemsindikiza na kumshauri kwa sehemu kubwa ya hadithi. Katika mwingine anakataa, na adui wa mwisho ni Walter, msimamizi aliyemleta. Mwisho wa tatu haufunguki mpaka hiyo miwili ipitiwe. Katika miwili ya kwanza, basi, msumari unaishia katika mwili wa yule aliyekuwa karibu zaidi sikioni mwa mchezaji. Mapigo hayabadiliki: punguza masafa, jaza mzigo, shikilia kitufe. Kilichobadilika ni maana ya neno karibu.

6. Liyongo na msumari wa shaba

Fasihi ya Kiswahili inaijua silaha ya namna hii. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichotungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa hashindwi kwa mishale wala kwa majeshi. Kinachomuua ni kitu kidogo cha shaba kinachochomwa kitovuni, na anayekichoma ni mwanawe mwenyewe, aliyeshawishiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya zawadi. Baada ya kitendo, mwana hapati alichoahidiwa.

Visa hivi viwili havina ukoo wa kihistoria, na si busara kuutafuta. Kinachofanana ni muundo. Katika vyote viwili silaha ni fupi na inahitaji ukaribu; ukaribu huo hauwezi kununuliwa na jeshi, unapatikana kwa mtu wa ndani tu; na mkono unaopiga ni mkono wa kukodi. Tofauti ni hii: hadhira ya Liyongo humtazama mwana akitenda, humlaani, na kurudi nyumbani ikiwa safi. Mchezaji wa Armored Core VI hana mwana wa kumlaani. Ameshikilia kitufe yeye.

7. Kasoro

Haitakuwa haki kuisifu kazi hii bila kuonyesha mapungufu yake. La kwanza ni kwamba mchezo haulazimishi ustadi unaoelezwa hapa. Mchezaji anaweza kubeba bunduki mbili za marisau na mizinga miwili, akapita karibu kila mahali bila kujifunza kutunga lile neno zima. Fundisho la pailibanka ni la hiari, na wengi huondoka bila kuligusa.

La pili ni wepesi wa kurudia. Aliyekufa mbele ya adui mkuu hurudi hapo hapo, tena akiruhusiwa kubadili vipande vya jitu lake. Wepesi huu unasaidia kujifunza, lakini unapunguza uzito wa ile gharama ya kukosa ambayo silaha imejengwa juu yake. Mtu anayeweza kufa mara ishirini hajiweki hatarini kwa namna ile ile.

La tatu ndilo kubwa. Katika mchezo huu karibu hakuna sura ya mwanadamu inayoonekana. Watu ni sauti na nembo. Kwa mamluki na makampuni uamuzi huo ni wa kisanaa na unafaa: vita vyao ni vya mikataba. Lakini wenyeji wa Rubicon nao wamenyimwa sura, na hata nyumba, soko na mtoto. Wanasikika wakipigana na kuapa, hawaonekani wakiishi. Mchezaji anaombwa mwishoni aamue kama dunia yao iungue, ilhali hajawahi kuonyeshwa mtu akipika ndani yake. Mchezo unaoshutumu uporaji umesahau, kama waporaji wenyewe, kuwatazama wanaoporwa.

8. Hitimisho

Pailibanka ni silaha ngumu kwa sababu inamkataza mchezaji kujifikiria yeye tu. Inamtaka asome mizani ya mwingine, asogee mahali pa hatari, na angoje mpaka mengine yote yatangulie. Sifa hizi, zikitajwa hivyo, zingeweza kuwa sifa za msikilizaji mwema au za mwalimu. Hapa ni sifa za muuaji wa kulipwa, na thamani ya Armored Core VI ni kwamba haimruhusu mchezaji kusahau kwamba zote ni kitu kimoja. Ustadi hauna upande. Upande huletwa na anayeutumia, na mara nyingi huletwa na anayelipa.

Kwa wanafunzi wa fasihi, kazi hii inatoa funzo la mbinu. Fani ya mchezo wa video haiko katika picha na muziki peke yake, bali katika mpangilio wa vitendo ambavyo mpokeaji hutakiwa kuvizoea mpaka mwili wake uvikariri. Uhakiki wake hauna budi kuanza hapo: ni nini mkono umefundishwa, ulifundishwa kwa utaratibu gani, na siku ya mwisho umeelekezwa kwa nani.